Kabla ya kuvusha fanicha, uliza kama mbao imekauka

Mfanyabiashara anayenunua kitanda Keko na kukiuza Buguruni ana nafasi ya kusawazisha mambo. Mteja akilalamika kwamba ubavu umepinda, fundi anapanda bodaboda na randa yake, na kazi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Anayenunua Arusha na kuuza Nairobi, au anayetoa meza Kampala na kuzipeleka Kigali, hana fundi wa kumtuma. Kati yake na mteja kuna mpaka, kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna siku mbili za kazi zinazopotea. Meza ikipasuka, hasara inabaki kwake, na mara nyingi mteja naye hapatikani tena.

Ndiyo maana nashangaa ninapowaona wenzetu wanaovusha fanicha wakichagua mzigo kwa swali moja tu: "Fundi, hii ni mbao gani?" Wakijibiwa mninga, wanatoa pesa. Wakijibiwa mahogani, wanatoa pesa. Wakijibiwa paini, wanakunja uso na kuondoka. Maoni yangu ni kwamba swali hilo linafaa liwe la pili. La kwanza ni hili: mbao hii imekauka kiasi gani?

Tuanze hata hivyo na jina, maana ndilo linalotuchomoa fedha. Mninga ni mti unaojulikana, na seremala mzoefu wa Tabora hawezi kuuchanganya na mwingine. Lakini "mahogani" siku hizi imekuwa rangi kuliko mti. Kuna mkangazi, ambao ndio mahogani ya Afrika hasa. Kuna jamaa zake wa misitu ya Uganda na Kongo, nao huuzwa kwa jina hilo hilo bila ugomvi. Halafu kuna kopo la dukani lililoandikwa mahogani, ambalo hugeuza paini, mkaratusi au mhesi (ule ambao Waganda huuita musizi) kuwa mahogani kwa nusu siku. Kitanda kikishapakwa na kung'aa, macho peke yake hayatoshi. Geuza meza uangalie chini. Toa droo nje kabisa, uangalie mgongo wake. Tafuta ncha ya mguu, pale msumeno ulipokata na brashi haikufika. Kisha inua. Mkongo ni mzito, paini na mhesi ni miepesi, na kitanda cha "mkongo" ambacho kijana mmoja anakiinua kwa mkono mmoja kinajieleza chenyewe.

Hata jina likiwa la kweli, bado lina mlango wa uani. Ubao wa mninga una sehemu mbili: kiini cha ndani chenye rangi ya hudhurungi, na mbao ya pembeni iliyo nyeupe. Kiini ndicho mchwa na bungua wanachokikwepa. Ile ya pembeni wanaila kama wanavyokula mti mwingine wowote. Mtiki vilevile: ule uliovunwa ungali mchanga una sehemu kubwa nyeupe na kiini kidogo, kwa hiyo anayekuuzia miguu ya kitanda ya mtiki mweupe hajakudanganya jina, ila alichokupa sicho ulichokuwa unakilipia. Uliza kiini. Ukiona miguu ina michirizi myeupe iliyofunikwa kwa rangi nzito, teremsha bei au acha.

Sasa turudi kwenye ukavu, ambao nataka tuuzungumze kwa kirefu.

Mti ukiangushwa, maji yaliyomo ndani yake yanaweza kukaribia uzito wa mbao yenyewe, na kwa baadhi ya miti hata kuuzidi. Ukianza kukauka, mwanzoni mbao haibadiliki umbo. Inapoteza uzito tu. Maji yakishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, hapo ndipo inapoanza kujikunja na kupungua. Haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, inapungua upana. Fanicha ya ndani ya nyumba hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 14 hivi, kutegemea mji. Meza ya kulia yenye upana wa sentimita 90, iliyotengenezwa kwa mbao ambazo hazijakauka vizuri, inaweza kupungua sentimita 2 au 3 ikiwa tayari sebuleni kwa mteja. Kama fundi ameibana kwa gundi na misumari pande zote, haina pa kupungulia. Itapasuka katikati, na itapasuka kwa mlio unaosikika usiku.

Na sisi tunavusha fanicha kutoka hewa moja hadi nyingine. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam zina unyevunyevu wa bahari. Nairobi, Arusha na Dodoma ni kukavu zaidi, hasa wakati mvua zimekatika. Kabati lililokaa miezi Tanga bila tatizo linaweza kuanza kuachia viungo vyake likiwa Nairobi mwezi Februari. Kinyume chake pia hutokea: droo iliyoteleza vizuri kabisa Dodoma inagoma kufunguka Unguja, kwa sababu mbao imekunywa hewa ya pwani na kuvimba. Fundi mzuri akijua fanicha inakwenda wapi ataacha nafasi ndogo kwenye droo, na uso wa meza ataufunga kwa namna inayouruhusu kusogea. Kwa hiyo mwambie. Wengi wetu tunaficha soko letu tukiogopa fundi atatupita na kwenda kuuza mwenyewe, kisha tunalipia siri hiyo kwa mbao zilizopasuka.

Kuna hesabu nyingine ambayo wafanyabiashara wa mbao wanaielewa haraka kuliko hiyo ya nyufa. Chukua lori lililopakia tani 14 za mbao zenye unyevu wa asilimia 40. Ndani ya mzigo huo kuna tani 10 za mbao na tani 4 za maji. Mbao zile zile zingekaushwa hadi asilimia 12, mzigo ungekuwa tani 11 na kilo 200. Maana yake umelipia dizeli, mizani na matairi kwa kusafirisha tani 2 na kilo 800 za maji, ambayo mteja wako hatayalipia na ambayo yatatoka yenyewe, yakiacha mbao zimepinda.

Utajuaje? Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu, chenye sindano mbili unazochomeka kwenye ubao, nacho kinasoma asilimia hapo hapo. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya meza moja. Ukikosa, tumia mizani ya jikoni. Mwombe fundi akate kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza. Pima uzito. Kikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo, ukikipima kila baada ya saa chache, hadi uzito usishuke tena. Kama kilikuwa gramu 560 na sasa ni gramu 448, kimepoteza gramu 112, ambazo ni robo ya uzito mkavu. Unyevu ulikuwa asilimia 25, na mbao hiyo haikupaswa kuguswa na randa bado. Fundi anayekataa kukukatia kipande cha sentimita 5 katika oda ya vitanda kumi amekujibu.

Tunapenda kusema rahisi ghali. Kwenye fanicha msemo huo unatupotosha kidogo, kwa sababu ghali mbichi nayo ni ghali mara mbili. Paini iliyopangwa kwa vijiti katikati, ikakaa kivulini hadi ikakauka, hutoa kitanda kinachotulia kuliko mkaratusi au mvule uliopasuliwa wiki iliyopita. Mninga una sifa moja ya kuusifu hapa: hupungua kidogo ukilinganisha na mbao nyingi, kwa hiyo husamehe uzembe wa fundi. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya heshima yake, kwamba ulitufanya tusahau kuuliza habari za ukavu. Sasa tunazihamishia tabia zile zile kwenye miti isiyosamehe.

Baada ya ukavu, angalia kazi. Kitanda kizima cha mninga ni anasa ambayo wateja wengi wa kati hawaihitaji. Miguu na mbavu ndizo zinazobeba uzito na kupokea skrubu. Hapo weka mbao ngumu. Chaga zinaweza kuwa za paini kavu zisizo na vifundo vikubwa. Fremu ya sofa haionekani, imefunikwa kwa sponji na kitambaa, na hapo ndipo mafundi wengi hutupa mabaki. Bonyeza sofa kwa goti pembeni, sikiliza. Ikilia ikiwa mpya, itaanguka ikiwa na mwaka mmoja. Mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zisiingie kabisa kwenye kitanda wala meza ya chakula, kwa sababu aina moja ya dawa hiyo inayotumika sana ina aseniki ndani yake. Vipande vyake vinavyobaki kwenye majengo hupatikana kwa bei ya kutupa, na mtengenezaji wa vitanda vya bei ya chini huvitamani.

Mkaratusi nauheshimu kwa nguvu zake na siupendi kwa tabia zake. Unapasuliwa ukiwa umejibana ndani, kisha unajiachia kwa nyufa za ncha hata kabla ya kukauka. Kwa mguu wa stuli sawa. Kwa uso wa meza pana, hapana, isipokuwa umekaushwa kwenye tanuri na mtu anayejua kazi. Mvule ni mbao ya maisha, hauogopi maji wala mchwa, ila mara nyingine hubeba mawe madogo ndani yake yanayovunja meno ya msumeno, na ndiyo sababu mojawapo fundi hukudai zaidi kuupasua. Mgrevilea, ule wa mashambani mwa kahawa Kilimanjaro na Mlima Kenya, naona tunaudharau bure. Una madoa mazuri kwenye uso wake, unarandika, unakua shambani kwa mkulima wala hauhitaji mtu kuingia msitu wa hifadhi. Unataka kukaushwa tu. Mfenesi nao, kwa Uganda na Unguja, una rangi ya manjano inayogeuka kuwa ya asali kadiri miaka inavyokwenda, na mteja akishauona mara moja huurudia mwenyewe.

Vipi kuhusu bodi? Vijana wetu wanaonunua fanicha ya kwanza Nairobi au Dar es Salaam wananunua MDF na chipubodi, na siwalaumu. Bodi ni nyoofu, haipasuki kwa kukauka, inapakwa rangi vizuri, na kwa mfanyabiashara wa mpakani ina faida kubwa: inasafiri ikiwa imefunguliwa, imelala bapa, makabati kumi mahali pa matatu. Tatizo lake ni mawili. Maji huivimbisha na hairudi. Kabati la chipubodi kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi Mombasa huanza kufumuka miguuni. Na skrubu ikitolewa na kurudishwa mara mbili tatu kwenye ukingo wake, tundu linasagika na kuwa unga. Mpangaji anayehama kila mwaka hatafika nyumba ya tatu na kabati hilo. Kama unavusha fanicha ya kufungua na kufunga, dai plaiwudi kwenye mbavu zinazopokea skrubu, na MDF ibaki kwenye milango na migongo. Dai pia kingo zote zifungwe, hata zile za chini zisizoonekana, kwa kuwa ndiko maji yanakoingilia. Bodi inayonuka ukali unaochoma macho bado inatoa fomaldehaidi ya gundi yake. Usiipakie kwa ajili ya chumba cha mtoto.

Yapo mambo ya kisheria ambayo muuzaji wa mbao hatakwambia. Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama zikaweka kwenye Kiambatisho cha II jamii tatu za miti ya Afrika: ile ya mninga na mkurungu, ile ya mkongo (mbambakofi kwa watu wa pwani), na ile ya mkangazi. Uamuzi ulianza kutumika Februari 23, 2023. Magogo yake, mbao zilizopasuliwa, vinia na plaiwudi vikivuka mpaka wa nchi, hata wa jirani, vinahitaji kibali cha CITES kutoka nchi vinakotoka. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu ndani ya nchi ni kitu kingine na haichukui nafasi yake. Orodha ile ilitaja mbao; haikutaja kitanda wala meza iliyokamilika. Sheria za misitu za kila nchi bado zinakuhusu, lakini tofauti hiyo inatwambia jambo kuhusu biashara yetu: anayepakia mbao ghafi za mninga anabeba hatari yote ya mpakani na sehemu ndogo ya faida, na seremala wa kwetu hakupata hata siku moja ya kazi.

Kenya iliposimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, mafundi wake waligeukia mbao za Tanzania, Uganda na Kongo kwa wingi. Marufuku hiyo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Kwa wengi wetu ile ilikuwa miaka ya mavuno, na ilitufundisha kuuza magogo na mbao mbichi haraka haraka kwa sababu mnunuzi hakuwa na la kuchagua. Sasa anachagua. Na upande mwingine kuna makontena ya fanicha kutoka Asia. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha ushuru wa pamoja wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zinazotoka nje, fanicha ikiwamo, wakati fanicha yenye hati ya asili ya Jumuiya inapita bila ushuru wa forodha. Hiyo ni nafasi ambayo hatukuitengeneza sisi wafanyabiashara, na tunaipoteza kila mteja wa Kigali au Kisumu anapogundua kwamba kabati la kontena halikupinda na la kwetu limepinda.

Kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa ipo kwenye orodha iliyokubaliwa ya mpaka wako, hati ya asili iliyorahisishwa hutolewa pale pale mpakani. Kama fanicha yako imetumia bodi iliyotoka nje ya Jumuiya, uliza mapema kama inastahili hati hiyo. Usisubiri kuulizwa na ofisa huku gari likiwa kwenye foleni.

Ninachokiomba kwa vyama vyetu vya wafanyabiashara wa mpakani ni kidogo. Kila mara tunapokutana na maofisa, tunazungumza vizuizi barabarani, mizani na saa za kufungua geti. Hayo yaendelee. Lakini chama chenye wanachama mia moja wanaopitisha fanicha Namanga, Mutukula, Rusumo au Busia kinaweza kununua vipima unyevu vitano kwa michango ya wiki moja, kikaviazima kwa wanachama wanaokwenda kuchukua oda. Kinaweza kukubaliana na mafundi wa Keko, wa Ndeeba na wa Gisozi kwamba kila fanicha inayotoka kwao kwenda ng'ambo ibandikwe karatasi chini: jina la mti kwa kila sehemu, unyevu siku ilipotoka, na simu ya fundi. Fundi aliyekausha mbao zake miezi minne ataibandika kwa furaha, maana hadi leo analipwa sawa na jirani yake aliyepasua gogo jana. Nasi tuongeze bei kidogo kwa fanicha yenye karatasi hiyo, na tusiipakie isiyo nayo.